Kamba Miguuni, Mnyororo Kichwani

Tulimzika wifi yangu Nambike siku ya Jumamosi, kule juu Mbaga, na mvua nyepesi ilitunyeshea tangu kanisani mpaka kaburini. Baada ya chakula, watu wakiwa wameanza kupungua, mjukuu wangu anayefanya kazi Arusha akanisogelea na simu yake. Nadhani alitaka kunipoza moyo. Akanionyesha picha za hoteli aliyokwenda kupumzika na mumewe, na katikati ya picha hizo kulikuwa na kitanda kimening'inizwa barazani kwa kamba nne nene, kina mito myeupe, hakigusi chini. "Bibi, umeshawahi kuona kitu kama hiki?" Nilicheka. Nilicheka mpaka shemeji zangu wakageuka kunitazama, maana msiba ulikuwa wetu na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa pale. Nikamwambia kwamba nilikilalia kitanda cha namna hiyo miezi miwili na zaidi, mjini Same, enzi za Mwingereza, nikiwa na miaka kumi na minane. "Bibi nawe!" akasema, akaenda zake kutafuta mtandao. Hakuniamini, na mtu wa mwisho aliyeweza kunishuhudia ndiye tuliyekuwa tumetoka kumfukia. Basi naandika. Habari za ukoo sitaziandika, hizo zimo kwenye madaftari ya kanisa na wenye hamu watazisoma. Naandika mwaka mmoja tu, na hata huo sijauelewa vizuri mpaka leo.

Nyumba tuliyokaa ilikuwa pembeni mwa mji, si mbali na reli, vyumba viwili na sebule, paa la bati, na mbele yake baraza pana iliyotazama mlima. Aliijenga baba mkwe, ambaye sikumkuta. Kila kitu ndani ya nyumba ile kilikuwa cha mama mkwe isipokuwa kimoja: boriti ndefu iliyopita katikati ya baraza, kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule, ikashika paa. Hiyo ilikuwa ya mzee. Aliukata mti wake mlimani, akaushusha yeye na ndugu zake mabegani siku mbili, na hadithi hiyo niliisikia wiki yangu ya kwanza kama watu wengine wanavyosikia habari za Nuhu na safina. Mgeni akiingia huambiwa, "Angalia boriti ya mzee." Anaangalia, anasema, "Naam, hii ni boriti," kisha ndipo anapewa kiti. Mimi nilikuwa nikifagia chini yake kila asubuhi, na nilikuwa nikiiheshimu kweli. Wifi Nambike, aliyekuwa na miaka kumi na mitano na mdomo wa miaka arobaini, alinikuta siku moja nimesimama naitazama, akaniambia, "Iamkie basi, wifi."

Mwaka uliotangulia mimba yangu ya kwanza ilikuwa imetoka ikiwa na miezi minne. Hakuna aliyenilaumu kwa maneno. Mama mkwe alinipikia uji, akanikanda tumbo kwa maji ya moto, akafunga mlango, na tangu siku hiyo nikawa namwogopa zaidi kuliko kabla, sijui kwa nini. Mimba ya pili ilipofikisha mwezi wa tatu nikaona tena damu. Kidogo tu, lakini niliijua. Dresa wa zahanati, mtu mfupi mwenye koti jeupe lililokosa vifungo, hakunifariji hata kidogo. "Unalala," alisema. "Miguu iwe juu kuliko kichwa. Mahali penye hewa. Na ukinyanyua hata ndoo moja ya maji, usije kunililia hapa." Nilirudi nyumbani nimeshikwa mkono na Nambike, natembea kama niliyebeba mayai, na kichwani nina swali moja tu: huyu atakaa au naye ataondoka? Swali hilo nililala nalo na kuamka nalo mpaka mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata.

Kulala si kazi, mtu atasema. Alale Same mwezi wa tisa, chini ya bati, saa saba mchana, halafu anieleze. Tuliweka matofali chini ya kitanda upande wa miguu, nikalala kichwa chini humo chumbani, na siku ya pili nikazimia kwa joto. Wakanitoa barazani, wakanitandikia mkeka na gunia la mahindi la kuegemezea miguu. Huko kulikuwa na hewa, tena nyingi, maana upepo wa Same hauna adabu. Ulinijaza vumbi machoni, kuku wakanipita kifuani, na siku ya tatu siafu wakapata njia yao chini ya mkeka. Kila niliporuka kwa ajili ya siafu nilihisi kama nimemwangusha mtoto. Nambike alinipepea kwa mfuniko wa sufuria huku akinitania: "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wewe yako ni gunia."

Mume wangu Elieza alikuwa fundi seremala, na mwaka ule alikuwa akitengeneza nyumba ya Mgiriki mmoja kwenye shamba la mkonge upande wa Makanya. Alirudi kwa gari moshi kila Jumamosi alasiri na kuondoka Jumapili baada ya ibada. Jumamosi hiyo alishuka na mnyororo mzito ndani ya mfuko wa vifaa, aliopewa na Mgiriki kutoka kwenye toroli lililokufa. Aliukokota mpaka barazani, akajifuta jasho, akamwamkia mama yake, na kabla ya kupewa maji akaanza kueleza kwa haraka, kama mtu aliyepata wokovu njiani.

"Mama, nimeona kitanda kule. Kinaning'inia barazani. Mke wa Mgiriki analala humo mchana kutwa, anasoma vitabu."

"Anaumwa nini?"

"Haumwi."

"Mtu haumwi, na analala mchana kutwa?"

"Ni starehe tu, mama."

Mama mkwe akanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikilala kwa Mgiriki. Elieza akaendelea: siafu hawatafika, kuku hawatapita, upepo utapita chini na juu. Na zaidi ya yote, kitanda cha kuning'inia kinalazwa utakavyo, ukitaka miguu iwe juu unafupisha upande wa miguu, basi, kazi imekwisha. Nilimsikiliza nikamwona kuwa na akili kuliko wanaume wote wa Upare. Kisha mama yake akaongea, na naye nikamwona ana akili.

"Kitanda kimepewa miguu ili kisimame," alisema. "Ukikata miguu umefanya machela. Na huu mnyororo? Kila asubuhi napishana na wafungwa wanafagia barabara ya boma la Bwana Shauri, minyororo inawalia miguuni. Mjukuu wangu afungwe kabla hajazaliwa? Halafu chuma kinaita radi. Ukining'iniza, ning'iniza kwa kamba. Nitaisokota mwenyewe."

"Kamba, mama? Panya wa Same wanakula hata sabuni."

"Panya anakula cha mvivu."

Jumanne yake akapita mwanamke mmoja aliyekuwa akishusha ndizi kutoka kwetu mlimani, ameleta salamu za mama yangu mzazi. Alizitoa amesimama, mkungu ungali kichwani: "Mama yako anasema, popote utakapolala, juu yako pasiwe na fundo hata moja. Mjamzito akilala chini ya mafundo, kitovu kinamzunguka mtoto shingoni." Akapewa maji, akaenda sokoni. Nikabaki na mama wawili, mmoja anakataa chuma, mwingine anakataa fundo, na mume aliyekwisha kuchonga fremu ya kitanda kwa mbao za masanduku. Usiku niliomba, na ombi langu lilikuwa na aibu kidogo: nilimwomba Mungu aniepushe na radi, na mafundo, na panya, na kama hawezi vyote basi achague yeye. Mtu ataniuliza kwa nini siku hizo sikusema nilichotaka. Sikuwa na nilichotaka. Nilitaka mtu mmoja anayejua, na nyumba nzima ilikuwa imejaa wanaojua.

Sisi Wapare tuna sifa yetu, na si ya kusingiziwa. Mpare akiota ndoto mbaya anaamka kutafuta wa kumshitaki. Basi kitanda kikafanyiwa kesi. Aliitwa baba mkubwa Zefania, kaka wa marehemu baba mkwe, akashuka kutoka mlimani na fimbo yake na miwani iliyofungwa uzi. Mama mkwe alikuwa amebandika makande tangu alfajiri, na harufu ya maharage yanayoiva iliingia mpaka chumbani nilikorudishwa siku ile, miguu juu ya gunia, sikio dirishani. Walikula kwanza. Nilisikia vijiko, nilisikia baba mkubwa akisifu chumvi, kisha nikasikia upande wa Elieza ukielezwa, na upande wa mama yake, na hata upande wa mama yangu ambaye hakuwapo, akitetewa na Nambike kwa ujasiri ulionishangaza. Ilichukua mchana wote. Walizungumza habari za radi iliyoua ng'ombe mwaka fulani, za mfungwa fulani aliyeachiwa, za kamba iliyokatika kisimani. Mara mbili nilisinzia, na kila nilipoamka walikuwa bado kwenye kamba ileile.

Mwishowe baba mkubwa akagonga fimbo sakafuni. "Kitanda kina pande mbili," akasema. "Kichwani na miguuni. Biblia imesema mume ni kichwa. Basi kichwani patawekwa mnyororo wa Elieza. Miguuni patawekwa kamba ya mama yake, kwa kuwa mama ndiye aliyemfundisha kutembea. Na mama wa binti asidharauliwe: kamba isiwe na fundo. Iungwe kwa kufumwa."

"Na radi?" akauliza mama mkwe.

"Radi haina haja ya mnyororo. Ikimtaka mtu inamjua."

Wote wakaridhika. Kila mmoja alikuwa ameshinda nusu, na kwa Mpare nusu iliyopatikana kwa hukumu ni tamu kuliko kitu kizima cha kupewa. Baba mkubwa aliletewa kuku wa kurudi naye. Alipita dirishani kwangu kuniaga, akaniuliza kama nimesikia, nikasema, "Nimesikia, baba," akasema, "Vizuri," akaondoka. Leo mimi ni mkubwa kuliko alivyokuwa yeye, nimeamua mambo mengi ya wakwe na wajukuu, na naona jinsi ilivyo rahisi: unagawa kitu katikati, unakula, unaenda zako.

Mama mkwe alisokota ile kamba kwa siku nne. Alikaa kwenye kigoda, nyuzi za mkonge zikipita kwenye paja lake chini ya kiganja, akitemea mate kila baada ya kitambo ili zishikane, na pale palipohitaji kuungwa alifumua ncha mbili akazipitisha moja ndani ya nyingine, uzi kwa uzi, mpaka ukipapasa hujui ilipoanzia. Sijaona tena kamba kama ile. Alifanya kazi kwa uso wa mtu aliyekasirika, hakunisemesha, na mimi nilikuwa nimelala hatua tatu kutoka kwake nikijiuliza kama anamsokotea mjukuu au anamsokotea hasira mwanawe. Jumamosi Elieza akaning'iniza. Mnyororo ulipanda kutoka kwenye pembe mbili za kichwani ukakutana juu ya boriti ya mzee. Kamba ikapanda kutoka pembe mbili za miguuni, ikazungushwa juu ya boriti mara tatu, ikapitishwa kwenye tundu lake yenyewe. Nikapandishwa kwa mikono minne. Mlima ukaanza kwenda na kurudi. Nilitapika mara moja, nikaomba radhi, halafu nikasikia upepo unapita chini ya mgongo wangu, baridi, na nililala usingizi wa kwanza kamili baada ya mwezi mzima.

Sasa, jambo ambalo hukumu ile haikulifikiria ni kwamba mnyororo haurefuki na kamba mpya inarefuka. Kufika Jumatatu jioni miguu yangu ilikuwa chini ya kichwa. Ndivyo dresa alivyokataza. Elieza yuko Makanya. Nambike akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akaizungusha kamba mara moja zaidi, na Jumatano ikawa imeshuka tena. Wiki mbili tulikuwa watu wa kupandisha kinachoteremka, na kila kitanda kiliposhuka nilihesabu siku tangu nilipoona damu mara ya mwisho, nikashika tumbo, nikalala kimya. Kisha ikaja mvua ya vuli na upepo wake, kamba ikalowa, na kamba ya mkonge ikilowa inajikunja. Niliamka miguu yangu iko hewani na kichwa kimekwama kwenye mbao. Ndiyo siku aliyoamua dresa kupita kunitazama. Alisimama uani na mwavuli, akatikisa kichwa. "Nani kakupandisha hivi? Nilisema miguu juu, sikusema umwagike." Lakini alinipima, akaweka sikio lake kwenye kile kifaa cha bati juu ya tumbo langu, akakaa muda mrefu, na akasema moyo unapiga. Mama mkwe alikuwa nyuma yake. Alitoka akaenda jikoni, na nikaona kwamba hakufurahi. Ndivyo nilivyoona siku ile.

Baada ya hapo likaanza jambo lililonivuruga akili kabisa. Usiku nililala ndani, kwa sababu ya fisi, na asubuhi nilitolewa barazani jua likianza kuchomoza. Asubuhi moja nikakuta kitanda kinabembea peke yake. Hapakuwa na upepo. Nikamwita Nambike, akasema labda paka. Siku nyingine nikakuta blanketi limekunjwa kwa namna nisiyoikunja mimi, na godoro la majani bado lina joto. Nilipapasa chini yake, ndani yake, nikitafuta sijui nini. Na juu ya mto nikaona unywele mmoja mweupe. Katika nyumba ile mwenye nywele nyeupe alikuwa mmoja. Nilikuwa binti wa kanisani, nimepata kipaimara, na hata hivyo mambo yote niliyowahi kusikia wanawake wakinong'ona kisimani yalinijia kwa pamoja: mimba ya kwanza, mlango uliofungwa, uso wake wakati anasokota. Sikumwambia Elieza. Sikumwambia Nambike. Nilimwambia yule mwanamke wa ndizi, kwa kuwa alikuwa wa kwetu na nilikuwa nimebanwa. Nilimwambia, "Mwambie mama nimekuta unywele wa mkwe kitandani." Maneno yale hayakuzidi kumi. Yalipanda mlimani kichwani kwake pamoja na kikapu kitupu, na katika maisha yangu sijajutia kitu kama hicho.

Ilikuwa wiki moja kabla ya Krismasi. Nilikuwa bado chumbani, nimeamka, nasikiliza jogoo, nikasikia mlio mkavu kama wa mti unaopasuliwa, kisha kishindo, kisha mnyororo ukimwagika. Nilitoka mbio, mimi niliyekatazwa kunyanyua ndoo. Boriti ya mzee ilikuwa imekatika pale inapoingia ukutani. Ndani yake hapakuwa na mti. Palikuwa na udongo mwekundu, na mchwa wakikimbia huku na huko kama watu waliofumaniwa. Nje ilibaki ganda tu. Chini yake kitanda kimelala ubavu, na kitandani, amejifunga khanga yake ya kulalia, alikuwa mama mkwe. Hakupiga kelele. Alinitazama akasema, "Rudi ndani, utamwangusha." Nyonga yake ilikuwa imevunjika.

Walimbeba mpaka zahanati juu ya mlango alioutengeneza Elieza, na dresa akamfunga kwa mbao, akasema mifupa ya umri ule inaungana inavyotaka yenyewe. Elieza alipofika alikwenda moja kwa moja kwenye boriti, akaingiza kidole, akakitoa kimejaa udongo, akakaa chini. Yeye fundi. Miezi yote ile tulibishana kamba na mnyororo, chuma na fundo, akaitwa mzee kutoka mlimani, na hakuna hata mmoja aliyeigonga boriti kwa nyundo kusikia inalia vipi. Nani angethubutu? Kuigonga ilikuwa kama kumuuliza marehemu kama alijenga vizuri. Baba mkubwa aliposikia, alisema, "Kikulacho ki nguoni mwako," na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno.

Mimi nilibaki na swali jingine juu ya lile la kwanza. Nilimuuliza Nambike mama alikuwa anafanya nini kitandani alfajiri. Akanitazama kama mjinga. "Hujui? Anakijaribu kabla yako. Kila siku. Anaogopa mnyororo, anaogopa na kamba yake mwenyewe." Nilikwenda kwa mama mkwe, aliyekuwa amelazwa sebuleni, nikachemsha maji ya chumvi, nikawa namkanda mguu. Siku ya tatu nikapata ujasiri.

"Mama, nisamehe. Ulikuwa unanijaribia kitanda?"

"Nani kasema?"

"Wifi."

"Nambike ana maneno mazuri." Kisha akageuza uso ukutani. "Siku ya kwanza nilipanda kuona ulichokuwa unakiona. Nikajibembeza kidogo. Tangu niliposhuka mgongoni kwa mama yangu sijabembezwa na mtu, mkwe. Nimebeba maji, nimebeba kuni, nimebeba watoto saba, nimezika wanne. Siku ya pili nikapanda tena. Nikawa namsubiri jogoo kama mtoto anayesubiri sikukuu." Akacheka kidogo, nyonga ikamuuma, akaacha. "Usimwambie mtu. Wakijua mama mzima anajibembeza barazani, watanicheka mpaka Usangi."

"Sitasema, mama."

"Na labda na yeye Nambike ni mkweli. Mtu hajui kila siku ni nini kinamwamsha."

Mtoto alikaa. Alizaliwa mwezi wa tatu, wa kike, mwenye sauti kubwa, kitovu hakikumgusa shingo na radi haikupiga mtu. Nilimaliza mimba ile nimelala chini kwenye mkeka kando ya mama mkwe, wote wawili miguu juu ya magunia, Nambike akituhudumia na kutuita wodi. Nilidhani yamekwisha. Kumbe maneno yangu yalikuwa yakizunguka huko mlimani tangu vuli, na kila aliyeyapokea alikuwa ameyaongezea chake. Unywele ulikuwa umekuwa nywele, nywele zikawa zimefungwa kwenye kitambaa, kitambaa kikawa chini ya godoro. Bibi kizee aliyeanguka alfajiri juu ya kitanda cha mkwe wake mjamzito, waliulizana, alikuwa akitega nini huko? Mama yangu alituma ujumbe kwamba nikishatimiza arobaini nirudi nyumbani na mtoto. Elieza hakunionyesha hasira. Alikuwa amechoka tu, na alinitazama kama mtu anayetazama ubao asiojua ataukatia wapi.

Mtoto alipofika wiki tatu, ndugu wakashuka kwa msaragambo, kama desturi yetu, watu kama ishirini wenye majembe na mashoka, kujenga upya baraza kabla masika haijakolea. Walileta boriti mpya, na niliona jinsi kila mmoja alivyoigonga, hata watoto. Mama mkwe alitolewa nje akawekwa kwenye kiti, mguu umenyooka mbele yake, na nikaona wanawake wa kwetu waliokuja wakikaa mbali naye, sahani zao magotini, na yeye akiona wanavyokaa. Hakuwauliza. Alitazama mikono yake. Walipokula makande, baba mkubwa Zefania akasimama, akagonga fimbo, na watu wakanyamaza wakijua ni kesi. Lakini hakumwita Elieza wala mama yake. Aliniita mimi. Nilisimama na mtoto mikononi.

"Mkwe," alisema, na sauti yake haikuwa kali, "wewe ndiye uliyekuwa ndani ya nyumba hii. Maneno ni mengi huko juu, na mengine yanasemwa yametoka kwako. Tuambie hapa, mbele yake. Mama yako alikuwa anafanya nini juu ya kile kitanda?"

Nilimtazama mama mkwe. Hakuniomba kitu kwa macho. Alikuwa amekwisha kukaa kama mtu aliyehukumiwa. Nikafikiria ahadi yangu, nikafikiria unywele, nikafikiria jogoo aliyekuwa akisubiriwa.

"Alikuwa akikijaribu kwa ajili yangu," nikasema. "Kila alfajiri. Alitaka kikianguka kianguke naye, siyo na sisi."

Mwanamke mmoja wa kwetu akaweka sahani chini, akaenda akapiga magoti mbele ya kile kiti, akamwamkia. Ndipo mama mkwe akavuta khanga akajifunika uso, akalia kwa sauti mbele ya shemeji zake wote, yeye ambaye hakulia hata siku aliyovunjika. Nikamwekea mtoto mapajani, akamshika bila kujifunua. Nimeishi naye miaka kumi na tisa baada ya siku ile, nimempikia, nimemwogesha, nimemzika, na sijapata kujua kama alilia kwa sababu nilimfichia siri yake, au kwa sababu nilikuwa nimesema kweli.